Dai lisizidi kifaa

Nikiitwa chumba cha CT scan kukagua mashine ya kudungia kontrasti, dawa inayofanya viungo vya ndani vionekane vizuri kwenye picha, naanza na jaketi: lile ganda la plastiki ngumu linaloibana sirinji isipasuke. Kontrasti ni nzito, na presha hufika kiasi cha psi 300, yaani pauni 300 kwa kila inchi ya mraba. Jaketi likiwa na ufa, hata mwembamba kama unywele, hakuna mgonjwa anayepanda kitandani.

Ndiyo maana kesi ya kampuni mbili za mashine hizi, Liebel-Flarsheim na Medrad, kule Marekani, namsimulia kila kijana anayenijia na kifaa tiba chake akitaka hataza, haki ya kisheria ya kuzuia wengine wasitumie uvumbuzi wake.

Liebel walibuni mashine ambayo sirinji yake inaingizwa kwa mbele. Kwenye hati yao ya hataza, sirinji imo ndani ya jaketi, mchoro baada ya mchoro. Maelezo yenyewe yanasema sirinji ya kutupwa isiyo na jaketi haifai, kwa kuwa ingedai plastiki imara na ghali. Madai ya mwanzo, yaani sentensi za hati zinazotaja ni kitu gani hasa kinalindwa, nayo yalitaja jaketi. Kumbe Medrad wametoa mashine isiyo na jaketi! Maombi ya hataza yalikuwa bado yanashughulikiwa, basi Liebel wakaliondoa jaketi kwenye madai ili yamnase mshindani.

Mwaka 2004 mahakama ya rufaa iliwakubalia: dai halitaji jaketi, basi jaketi si lazima. Kesi ikarudi tena, na mwaka 2007 mahakama hiyohiyo ikataka kuona ni wapi hati inapomfundisha fundi kutengeneza mashine isiyo na jaketi. Hakuna. Tena wabunifu wenyewe walishatoa ushahidi kwamba waliijaribu wakaona ni hatari mno. Madai yakabatilishwa.

Mimi naona mahakama ilitenda haki. Aliyeivua jaketi sirinji na bado ikahimili presha ndiye aliyeihangaikia kazi hiyo. Huwezi kudai kitu ulichoandika mwenyewe kwamba hakifai.

Wakili atakushauri upanue dai, na ana sababu zake. Msikilize, ila kila neno unalolifuta, onyesha kifaa kinavyofanya kazi bila kitu hicho: mchoro, vipimo, aina ya plastiki.

Juzi kijana mmoja kaniletea madai ya pampu ya dripu. Ameandika "kimiminika chochote", na majaribio yake yote ni ya maji ya chumvi. Nimemwambia apitishe kwanza damu na dextrose (maji ya sukari) ya asilimia 50, aandike matokeo kwenye maelezo. La sivyo, adai maji ya chumvi.