Miji 5, siku 14 na tairi moja la begi

Kila anayenikuta ananiuliza Ulaya ilikuwaje, nami najibu ilikuwa nzuri, na kweli ilikuwa nzuri, ila zile picha hazikuonesha miguu yangu. Siku 14 miji 5: Paris, Prague, Vienna, Venice, Roma. Ratiba aliipanga mume wangu kwenye Excel, yaani mtu kaandika mpaka dakika za kunywa kahawa, makumbusho rangi ya njano, treni kijani, kupumzika nyekundu, na hizo nyekundu safari nzima zilikuwa mbili tu. Nilitakiwa nishtuke hapo hapo.

Excel ilianza kutuumbua siku ya pili tu. Louvre, yale makumbusho makubwa ya Paris, imepangwa Jumanne asubuhi, tumedamka saa kumi na mbili, tumetoka hata chai hatujanywa ili tuwahi foleni, tunafika pale kwenye piramidi ya kioo hakuna mtu, bwana kafurahi, "si nilikwambia tuwahi!" Kumbe Louvre Jumanne haifunguliwi. Kila Jumanne ya Mungu. Nilicheka mpaka akanuna. Ikabidi tusogee bustani ya Tuileries hapo hapo jirani, kuna viti vya chuma vya kijani, bure kabisa, unakiburuta unakiweka unapotaka, vingine vimeegemea nyuma kama vya ufukweni, basi tukavuta viwili karibu na lile bwawa la duara tukala mkate na jibini, masaa matatu hatuna tunachofanya. Mpaka leo ukiniuliza Paris naiona ile asubuhi.

Jioni yake tukapanda mnara wa Eiffel kwa miguu, ngazi 674 mpaka ghorofa ya pili, eti tiketi ya ngazi ni rahisi kuliko ya lifti. Afu mwezi wa sita kule jua halina haraka, linazama saa nne kasoro kidogo usiku, na zile taa za kumetameta zinasubiri giza liingie, zinawaka dakika tano tu kila saa inapogonga, kwa hiyo ukizitaka unakesha. Tumekesha. Nimesinzia begani kwake naamshwa "amka, amka, zimewaka", nikafungua jicho moja.

Prague tulienda kwa ndege, hawatumii euro wale, wana koruna zao, ukizoea bei za Paris unakuta menyu imeandikwa 250 unataka kukimbia kumbe ni chakula cha kawaida tu. Ile saa yao kubwa ya ukutani ipo tangu 1410, ikigonga, sanamu ya mifupa ya mtu inavuta kamba ya kengele, mitume wanapita dirishani mmoja mmoja, mwisho jogoo wa dhahabu anawika, imeisha, haifiki hata dakika moja. Watu mamia wameinua simu juu. Mimi niliangalia watu, walinifurahisha kuliko saa.

Vienna sitaielezea sana kwa sababu Vienna tuligombana. Siku moja na nusu tumepita kasri la Schönbrunn, kanisa la Mtakatifu Stefano, makumbusho mawili, hilo kasri peke yake lina vyumba 1,441 we unatembezwa mbio mbio kama umechelewa basi. Stesheni usiku tunasubiri treni nikamwambia, mimi nimekuja likizo, sijaja kukagua majengo. Kimya. Treni ya usiku, kila mtu na kitanda chake, yeye juu mimi chini, hata lala salama hakuna.

Sasa asubuhi treni ikaingia Venice. Unatoka mlango wa stesheni unategemea barabara, taksi, makelele, hakuna, ni maji. Mfereji Mkuu wenyewe uko hapo chini ya ngazi, boti zinapita, jua ndo linapanda. Tulisahau kama tumenuniana. Ila akaona tiketi ya ile boti ya abiria ni euro 9.50 kila mtu, akasema hoteli si mbali, twende kwa miguu. Jamani, Venice kila daraja lina ngazi, unapanda na begi unashuka na begi, hujakaa sawa daraja jingine, na mji una madaraja zaidi ya 400. Kwenye la tatu tukasikia *ka!* tairi limeng'oka, linabingirika ngazi moja moja kuelekea kwenye maji, mume wangu analikimbilia kainama kama anafukuza kifaranga, akalidaka ngazi ya mwisho. Juu dirishani kuna bibi anaanika nguo, akasema maneno hatukuyaelewa afu akacheka, na sisi tukaanza, tulicheka mpaka tukakaa chini.

Ndo pale akaitoa simu akaifuta Excel. Sijamwambia mimi, aliamua mwenyewe.

Gondola, zile boti nyembamba za watalii, hatukupanda, euro 90 nusu saa mchana, ikifika jioni inapanda tena. Kuna mitumbwi inaitwa traghetto inavusha watu tu ng'ambo ya mfereji kwa euro 2, ni gondola zilezile bila mapambo, tumevuka mara nne bila sababu yoyote. (Mkiwa na siku 14 chukueni miji mitatu, nawaambia.)

Roma tulikaa bila mpango, joto kali, tunaamka saa ngapi hatujui. Kuna vibomba vya chuma mitaani vinatoa maji ya kunywa baridi mchana kutwa, ukiziba mdomo wa bomba kwa kidole maji yanaruka juu kwenye kitundu unakunywa bila kuinama, yeye kila kibomba anasimama, miaka 38 huyo. Pantheon, lile hekalu la kale, tuliingia wingu limetanda, paa lake lina tundu wazi katikati, manyunyu yakawa yanaingia ndani kabisa, sakafuni kuna vitundu vya kupitisha maji, na jengo lina karibu miaka 1,900.

Begi jipya tulinunua hukohuko, la zamani tukaliacha. Uwanja wa ndege kwenye mashine ya ukaguzi yule askari akasimamisha trei, akachukua kile kitairi, akakigeuza, akamwangalia mume wangu.

"Ni changu," akasema, akakirudisha mfukoni.