Mtoto Abebe Kibali, Mzazi Abebe Mkoba

Wazazi wengi wanaotaka kumpeleka mtoto kuwinda wanyama wakubwa nje ya jimbo lao hutazama bei ya leseni ya mtu mzima, wakafunga ukurasa. Hawana kosa. Marekani wanyamapori husimamiwa na kila jimbo kivyake, na mgeni hutozwa mara kadhaa ya anacholipa mwenyeji. Wyoming, kwa mfano, mtu mzima kutoka nje hulipa dola 692 kwa elki, yule kulungu mkubwa sana, 374 kwa kulungu na 326 kwa pronghorn, yule mnyama wa nyika anayefanana na swala. Hapo bado ada ya maombi.

Lakini hiyo ni bei ya mzazi, na mzazi si lazima awinde. Safari nafuu ya mtoto inasimama juu ya mambo mawili: kibali kiwe kimoja tu, cha mtoto, na mnyama awe jike. Mzazi anayesema "nami nichukue changu, tumeshafika" ndiye anayegeuza safari ya mamia ya dola kuwa ya maelfu. Tena akiwa na bunduki yake mkononi, macho yake hayako kwa mtoto.

Tubaki Wyoming kwanza, maana hesabu yake inaonekana wazi. Kijana wa miaka 12 hadi 17 kutoka jimbo jingine hulipa dola 275 kwa elki na 110 kwa kulungu au pronghorn. Akiomba jike, bei inaporomoka: elki jike dola 100, kulungu jike dola 19, pronghorn jike dola 19. Ongeza ada ya maombi, dola 15. Mtoto wa miaka 11 anaweza kuomba, ila lazima awe ametimiza 12 siku anayowinda, kwa hiyo aliyezaliwa Novemba asiombewe msimu wa Oktoba. Bei hurekebishwa mara kwa mara. Fungua kijitabu cha kanuni cha mwaka husika kabla ya kulipa chochote.

Kwa mtoto anayewinda mara ya kwanza, pronghorn jike ndiye wa kuanza naye, na bei ni sababu moja tu. Anaishi nyika wazi na anatembea mchana kutwa, kwa hiyo mtoto hakai gizani saa kumi na moja alfajiri akitetemeka na kuchukia uwindaji maisha yake yote. Kundi la kwanza likikimbia saa tatu asubuhi, saa tano mnanyemelea jingine. Msimu wa bunduki sehemu nyingi huangukia mwishoni mwa Septemba na Oktoba, kabla baridi haijakaza, na gari mara nyingi haliko mbali. Ubaya wake ni kwamba anaona mbali sana na mnatambaa katikati ya dungusi kakati. Mnunulie mtoto vikinga magoti vya mafundi wa vigae na glavu za ngozi; bila hivyo, mnyemeleo wa pili hautakuwepo.

Sasa mtego wenyewe. Vibali vya jike vinavyobaki baada ya droo (bahati nasibu ya jimbo ya kugawa vibali) huuzwa Julai, anayewahi ndiye anayepata, na mtu akiona vimejaa tele eneo fulani hudhani kaangukia bahati. Vimebaki kwa sababu: karibu ardhi yote ya eneo hilo ni ya watu binafsi, na vingine vimeandikwa kabisa kwamba ni vya ardhi binafsi tu. Kibali cha dola 19 kisicho na pa kuwindia ni karatasi. Kabla ya kununua, chukua ramani ya eneo la uwindaji na uiweke juu ya ramani ya umiliki wa ardhi (programu za simu zinafanya hivyo vizuri). Tafuta ardhi ya BLM (idara ya shirikisho inayosimamia ardhi ya umma), ya misitu ya taifa na ya jimbo, kisha ujiulize swali moja: je, kipande hiki kinaguswa na barabara ya umma? Vipande vingi vinaonekana vikubwa kwenye ramani lakini vimezungukwa pande zote na ranchi. Vingine vinagusana kwenye pembe tu. Mwaka 2025 mahakama ya rufaa ya shirikisho inayohudumia Wyoming na majimbo jirani iliamua kwamba sheria ya shirikisho haimruhusu mwenye ranchi kumzuia mtu anayevuka kwenye pembe hiyo kutoka ardhi ya umma hadi ya umma bila kukanyaga ardhi binafsi. Hata hivyo, safari ya kwanza ya mtoto si mahali pa kubishana na mwenye ranchi.

Njia bora zaidi ni mpango wa jimbo uitwao Access Yes, ambao huwalipa wenye ardhi ili wawinda wa umma waingie. Baadhi ya maeneo yake unaingia moja kwa moja, mengine unachukua ruhusa mtandaoni bila malipo. Montana ina mpango kama huo, Block Management, na Kansas ina Walk-In Hunting Access. Ukishapata maeneo mawili matatu, mpigie simu mwanabiolojia wa wanyamapori wa eneo hilo na umwambie wazi kwamba mwindaji ni mtoto na anatafuta jike. Wengi wao hufurahia simu ya namna hiyo na hutaja barabara kwa jina. Jambo moja la kuepuka: maeneo ya nyika yaliyotengwa kisheria kama wilderness. Wyoming inamtaka mgeni anayewinda wanyama wakubwa humo awe na kiongozi mwenye leseni au mwenyeji mwenye kibali cha kumsindikiza, na kiongozi wa kulipwa anaua bajeti yote.

Hali ya vibali nayo hubadilika. Baridi kali ya mwishoni mwa 2022 kuingia 2023 iliua pronghorn wengi magharibi mwa Wyoming na jimbo likapunguza vibali kwa maelfu, hasa vya majike. Usitegemee takwimu za droo za miaka mitano iliyopita.

Colorado ni ya elki. Kijana wa nje wa miaka 12 hadi 17 hulipa dola mia moja na ushei, wakati mtu mzima wa nje anayetaka dume hulipa zaidi ya dola 700. Maombi ya droo hufungwa Jumanne ya kwanza ya Aprili, na mfumo hautamkubali mtoto kama hajanunua kwanza leseni ya kumstahilisha, kwa mfano ya wanyama wadogo, ambayo kwa kijana ni bei ya chini mno. Wengi hukwama hapo usiku wa mwisho. Jimbo hutenga sehemu ya vibali vya elki jike na kulungu jike kwa vijana, hivyo nafasi yao kwenye droo ni nzuri kuliko ya baba zao. Mtoto chini ya miaka 16 lazima asindikizwe na mtu wa miaka 18 au zaidi aliyetimiza masharti ya mafunzo ya uwindaji. Ila fikiria mwinuko: elki wengi wako juu ya futi 8,000. Mtoto kutoka ukanda wa chini anahitaji siku nzima ya kupumzika na maji mengi kabla ya kupanda. Kichwa kikimuuma na akatapika, dawa ni kushuka.

Arizona ina bei zinazoshangaza. Leseni ya kijana wa miaka 10 hadi 17, mwenyeji au mgeni, ni dola 5, kibali cha kulungu dola 25 na cha elki dola 50. Kinachokwamisha ni droo, kwa kuwa wageni wamewekewa kikomo cha asilimia 10. Lakini kama mtoto ana mzazi, babu au bibi mwenye kibali cha Arizona, sheria inaruhusu kumhamishia mtoto kibali hicho, mradi aliyekitoa aandamane naye porini. Familia zenye ndugu kule hazina sababu ya kusubiri droo miaka na miaka.

Texas leseni ya aliye chini ya miaka 17 ni dola 7, popote atokako, huku mzazi mgeni akitakiwa kulipa dola 315 ili awinde. Cheti cha mafunzo kinaokoa fedha hapa. Mtoto wa miaka 9 hadi 16 asiye na cheti lazima aandamane na mtu mwenye leseni ya Texas. Mwenye cheti hafungwi na sharti hilo. Mzazi bado atakuwa ubavuni mwake, bila shaka, ila kama msimamizi tu. Tatizo la Texas ni ardhi, maana zaidi ya asilimia 90 ni binafsi. Angalia droo za uwindaji wa umma, ambazo zina kundi la vijana peke yao, na Texas Youth Hunting Program, inayopanga safari za wikiendi kwenye ranchi kwa watoto wa miaka 9 hadi 17. Kusini-mashariki, Georgia na Alabama hazimtaki mtoto chini ya miaka 16 kuwa na leseni kabisa. Kulungu mkia-mweupe ni wengi, na misitu ya taifa iko wazi.

Mafunzo ya usalama yafanyike mapema, miezi sita kabla ya droo. Cheti cha jimbo moja hutambuliwa na mengine, na majimbo mengi huruhusu somo la mtandaoni likifuatiwa na siku ya vitendo. Siku hizo za vitendo hujaa Agosti. Maombi pia hudai namba ya Hifadhi ya Jamii ya mtoto, basi iwe karibu. Na kwa mzazi aliyeko Marekani kwa viza ya muda, kama ya masomo au kazi: sheria ya shirikisho inamkataza kushika bunduki au risasi isipokuwa ana leseni halali ya kuwinda au yuko kwenye msamaha mwingine. Mwenye green card haguswi na katazo hilo.

Bunduki ya baba iliyokatwa kitako si bunduki ya mtoto. Akikunja kiwiko na kuegemeza kitako kwenye kikunjo cha mkono, pingili ya kwanza ya kidole cha shahada ifike kwenye kifyatulio. Kwa watoto wengi hiyo ni inchi 12 hivi. Kitako kikiwa kirefu anavuta shingo mbele, jicho linakaribia darubini, na mshindo wa kwanza unampasua nyusi. Risasi za .243 Winchester, 6.5 Creedmoor na 7mm-08 zinatosha. Colorado inataka angalau kipenyo cha inchi .24, na uzito wa grain 70 kwa kulungu na pronghorn, 85 kwa elki, kwa hiyo .223 hairuhusiwi huko. Mazoezi mengi yafanyike kwa bunduki ndogo ya .22, kisha risasi kubwa zisizidi kumi kwa siku, masikio yamefunikwa. Ukiona anafumba macho kabla ya mlio, mwekee risasi ya bandia bila kumwambia: mtutu ukiruka pasipo mlio, rudi kwenye .22.

Umbali wake ni ule anaoweza, akiwa ameketi na bunduki juu ya fimbo za kuegemeza, kupiga sahani ya inchi 8 mara tano kwa tano. Ikiwa ni yadi 120, basi kikomo ni yadi 120, hata pronghorn asimame yadi 180 akimtazama. Mnyama awe ubavu, amesimama, na asiwe na mwingine nyuma yake: kwenye kundi risasi hupenya na kumwangusha wa pili, na kibali ni kimoja. Mnyama akijeruhiwa, mtoto ndiye ammalize. Majimbo ya magharibi kwa kawaida hayaruhusu mtu kumpiga mnyama wa kibali cha mwenzake, na mzazi anayefyatua kwa huruma anaweza kujikuta mbele ya hakimu.

Mnyama akianguka, kibali hujazwa na kufungwa kwenye mnyama kabla hamjaondoka hapo. Mtoto ndiye anayesaini. Nywele za pronghorn hushika joto, na ladha mbaya anayosingiziwa mara nyingi hutokana na mzoga uliokaa juani kwenye gari. Mpasue, mtoe matumbo, mchune palepale na umweke kivulini. Jike hutoa pauni 30 hivi za mnofu, kasha moja kubwa la barafu linatosha. Elki jike hutoa pauni 150 na zaidi, yaani makasha matatu na migongo miwili. Acha kiungo cha jinsia kikiwa kimeshikana na paja mpaka ufike nyumbani. Watu hukisafisha kwa unadhifu, halafu mlinzi wa wanyamapori akiwasimamisha barabarani hawana cha kuonyesha kwamba walipiga jike.

Nyumbani nako kuna sheria. Majimbo mengi hayaruhusu kuingiza ubongo wala uti wa mgongo wa kulungu na elki, kwa sababu ya CWD, ugonjwa unaoharibu ubongo wa wanyama hao, na katazo hilo linaweza pia kuwa kwenye jimbo mnalopitia tu. Toa mifupa yote kambini, pakia mnofu peke yake pamoja na kile kiungo cha jinsia, na kama mnyama ni kulungu au elki peleka kichwa kwenye kituo cha vipimo kabla ya kuondoka. Pronghorn hajulikani kupata ugonjwa huo, kwa hiyo hana foleni hiyo ya mwisho.