Kamera juu ya nguzo, giza chini yake

Tangu Machi 2017, msemaji wa polisi wa Uganda Andrew Felix Kaweesi alipouawa kwa risasi karibu na nyumbani kwake Kulambiro, pamoja na mlinzi na dereva wake, jibu la serikali kwa kila uhalifu unaoitikisa Kampala limekuwa kamera. Rais aliagiza zifungwe, zikafungwa kwenye makutano ya barabara, na Novemba 2023 zikafuatwa na namba za magari za kidijitali, zinazowezesha gari kufuatiliwa. Sizipingi. Ninachohoji ni mwananchi anapata nini anapozihitaji.

Mwaka jana niliporwa simu nikiwa ndani ya teksi, dirisha wazi, msongamano umetushika. Kijana aliyepakiwa nyuma ya bodaboda alinyoosha mkono mara moja tu, nikabaki na waya wa kusikilizia ukining'inia sikioni. Juu ya nguzo palikuwa na kamera. Kituoni, ambako sitakutaja, niliandika maelezo kwenye karatasi niliyotumwa kuinunua dukani, nikapewa namba ya kumbukumbu, na hadi leo sijaitwa.

Huko Masaka, mwaka 2021, wauaji wenye mapanga waliwaandama wazee usiku katika vijiji visivyo na kamera wala taa za barabarani. Kijijini anayejua mgeni amelala kwa nani ni majirani na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ambaye mara nyingi huitikia mayowe kwa tochi ya simu yake mwenyewe. Mimi ningeanza na yeye, kisha taa, ndipo kamera.