Mwaka ziwa lilipofungwa: hesabu yangu ya 2024

Daftari langu la mwaka 2024 limeisha kurasa kabla mwaka haujaisha, kwa hiyo siku za mwisho za Desemba nimeziandika nyuma ya jalada. Juzi nililisoma lote, mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu nianze kuuza dagaa hapa Kibirizi, pwani ya Kigoma. Kwa kawaida daftari langu likijaa linawashia jiko. Safari hii nilitaka kujua kitu kimoja tu: mwezi gani uliniumiza kuliko yote. Jibu nilikuwa nalo kichwani. Ungenisimamisha njiani ukaniuliza, ningekujibu bila kupepesa macho kwamba ni Juni, Ziwa Tanganyika likiwa limefungwa kwa uvuvi. Daftari likasema Machi.

Kwa asiyeijua kazi yetu, niseme kidogo. Dagaa wa Kigoma huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi wanatumia taa za betri na sola. Dagaa hufuata mwanga, wavu unawasubiri chini. Sasa mwezi ukiwa mkubwa angani, taa ya mvuvi ni kama kibatari mchana, dagaa wanatawanyika. Ndiyo maana sisi hatuhesabu wiki za kalenda, tunahesabu giza na mbalamwezi. Wengine mkisikia giza mnafikiria mabaya. Kwetu giza ni ada ya mtoto na kilo ya sukari.

Mitumbwi ikirudi alfajiri sisi akina mama tunanunua kwa beseni, tunaanika. Kuna wanaoanika juu ya mchanga na kuna wanaoanika kwenye chanja, zile meza za nguzo na wavu. Wa chanja hawana mchanga, na mnunuzi kutoka Dar akiwatia mkononi anajua mara moja. Jua likiwa kali, ulichoanika asubuhi jioni unakikusanya kimekauka. Mvua ikinyesha, biashara yako yote iko nje inalowa.

Na mwaka ulianza na mvua. Ziwa nalo likapanda. Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga upande wa Kongo, kwa hiyo mvua ikizidi maji hayana haraka ya kuondoka, yanakufuata nyumbani. Januari chanja zangu mbili za mbele zilisimama ndani ya maji hadi magotini. Nikazihamisha. Februari nikazihamisha tena. Nguzo mpya, wavu mpya, vibarua wa kuchimbia. Mtaji ukapungua bila mimi kuuza hata dagaa mmoja kwa hasara, ukawa umeliwa na kuhama tu.

Tarehe 4 Machi, Jumatatu, nikakopa laki sita. Hii mikopo ya mitaani watu wameipa jina la kausha damu, na aliyeipa jina hilo hakukosea. Marejesho 60,000 kila Jumatatu kwa wiki 13. Piga hesabu mwenyewe, ni 780,000. Mimi nilipiga, na nikachukua. Giza lilikuwa linakuja mwishoni mwa wiki ile, nikajiambia giza moja zuri linafuta kila kitu.

Pale pwani kulikuwa na bibi mmoja, mzee wa Ujiji, ndiye aliyenifundisha kazi hii, kuanzia kugeuza dagaa bila kuwavunja hadi kumtambua mnunuzi mwenye maneno mengi kuliko pesa. Nilipomwambia nimekopa aliendelea kuchambua dagaa wake kimya, kisha akasema, "Mwanangu, mtu hakopi akiwa amelowa." Nikacheka. Nikamjibu, "Bibi, na asiyekopa atakaukia wapi?"

Giza lilikuja kweli, na dagaa wakaja wengi, bei ikashuka. Tarehe 13 nikanunua beseni kumi na nne kwa mkupuo, sikuwahi kununua nyingi hivyo. Saa tano asubuhi wingu likatokea upande wa Kongo. Ilinyesha siku ile, ikanyesha kesho yake, na siku ya tatu jua likachungulia kama mgeni asiyetaka kukaa. Dagaa walilainika, wakaanza kunuka, wakavunjika mkononi. Nilichookoa nilikikaanga kwa mawese nikauza kwa mafungu kwenye soko la Mwanga. Beseni tisa zilikwenda kwa wafuga kuku, kwa bei ambayo sikuiandika kwa aibu.

Hapa ndipo daftari liliponishangaza. Ukurasa wa Machi unaonekana mnono. Jumla ya mauzo ni kubwa kuliko Februari. Niliurudia mara tatu ndipo nikaona nilichofanya: ile laki sita ya mkopo nimeiandika kwenye safu ya mauzo. Si bahati mbaya. Nakumbuka kabisa nilivyokaa kitandani na kalamu, nikaona ile safu iko tupu, nikaona kuna pesa mkononi, nikaandika. Aprili nikarudia. Tarehe 15 nikachukua mkopo wa pili mahali pengine, laki nne, marejesho 40,000 kwa wiki, ili niwalipe wa kwanza. Nao umekaa pale kwenye mauzo, kwa mwandiko mzuri kabisa. Nilikuwa najidanganya kwa daftari ambalo hakuna mwingine analisoma.

Ukiondoa ule mkopo, Machi nilipata hasara ya 385,000.

Habari za kufungwa kwa ziwa tulikuwa tumezisikia mapema. Nchi nne zinazolizunguka, yaani sisi, Burundi, Kongo na Zambia, zilikubaliana samaki wapumzishwe wazaliane. Kwetu ikawa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Miezi mitatu hakuna mtumbwi unaotoka kuvua. Nami siku hiyo nilikuwa bado nadaiwa 180,000 na wa kwanza, 360,000 na wa pili. Laki tano na arobaini, na chanja tupu.

Na kejeli ya Mungu, jua! Juni na Julai Kigoma hakuna mvua, anga safi, upepo mkavu. Jua nililolililia Machi lilikuwa linawaka juu ya wavu mtupu. Kuna mama mmoja jirani yangu alikuwa anaanika nguo kwenye chanja, anasema asipoteze jua la bure.

Watu wengi hawakuwa na la kucheka. Vijana wa mitumbwini hawana mshahara, wanakula wanachovua. Wengine walirudi vijijini kulima, wengine wakawa wabeba mizigo. Mimi sitasema kufungwa ziwa kulikuwa kuzuri, nimeona nyumba zilizolala na uji. Nasema tu kwangu mimi kulinizuia kufanya nilichokuwa nakifanya. Sikuwa na dagaa wa kununua, basi sikuwa na sababu ya kwenda kukopa mkopo wa tatu kuziba wa pili. Na mguu wangu ulikuwa tayari umeinuka.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwenye kikoba chetu, kikundi cha kuweka na kukopeshana. Tuko ishirini na wawili, wote wa pwani. Kwa miezi miwili nilikuwa nakaa pale nacheka na wenzangu kama mtu asiye na deni. Siku hiyo nilisimama nikasema yote, kiasi, tarehe, na jinsi afisa marejesho alivyokuwa amekuja nyumbani akaanza kulitazama friji langu kwa macho ya mnunuzi. Sauti ilinitetemeka. Nilipokaa, mwenzangu mmoja akainuka akasema naye anao. Kisha mwingine. Tulikuwa watano mle ndani, kila mmoja anajificha kwa mwenzake.

Walinikopesha laki tano, nirudishe 525,000 mwisho wa Septemba. Nikaongeza 40,000 yangu nikalipa wote wawili siku moja. Mmoja alinidai riba ya wiki zote ingawa nilikuwa namaliza mapema, sikubishana, nilitaka karatasi yenye muhuri tu. Ile karatasi nimeibana kwenye daftari kwa pini.

Pesa ya kula ilikuwa kazi nyingine. Nilikuwa na wateja walionikopa dagaa tangu mwaka jana yake, jumla kama laki tatu na nusu, nikawa naona haya kuwadai. Deni likikufundisha, haya inapungua. Nilipita nyumba kwa nyumba, Gungu, Katubuka, hadi Ujiji. Nikapata 190,000, ahadi nyingi, na kuku mmoja.

Kwa hiyo pesa nikanunua mawese, madumu mawili ya lita ishirini, nikapanda treni kwenda Tabora. Sisi tunakaa mwisho wa reli, wengi wanafikiri hapo ndipo mambo yanapoishia, kumbe ukigeuka ndipo reli inapoanzia. Nilikuwa na ndugu wa marehemu mume wangu mtaa wa Ng'ambo, nikamwambia, "Shemeji, nakuja na mawese, nitafutie wanunuzi." Safari ya kwanza dumu moja lilikuwa na kifuniko kibovu. Tumefika Nguruka usiku, nasikia abiria wa mbele analalamika viatu vyake vinateleza. Nilipoteza kama lita nne, nikafua suruali ya mtu nisiyemjua, na madoa ya mawese, kama unayajua, hayatoki. Kurasa za Juni mwanzoni zimeshikana mpaka leo, ni mawese yale.

Tangu hapo kila dumu nafunga mfuko wa nailoni mdomoni kabla ya kifuniko, nakaza na mpira. Kurudi nilibeba karanga, za Tabora ni nzuri na kwetu zinauzika. Safari sita kwa jumla. Si faida ya kujengea, ukiondoa nauli na mzigo, lakini kila safari niliandika nilichotoa na nilichoingiza, na safu ya mauzo ikawa na mauzo tu. Miezi ile mitatu niliyoiogopa ilinipa 412,000.

Tarehe 15 Agosti, Alhamisi, ziwa likafunguliwa. Jioni mitumbwi ilivyokuwa inatoka, watoto walikimbia nayo ufukweni wakipiga kelele. Lakini mwezi ulikuwa unakua, mbalamwezi ilikuwa siku nne mbele. Wavuvi walikaa majini wakisubiri mwezi uzame usiku wa manane ndipo taa zifanye kazi. Alfajiri ya Ijumaa pwani ilijaa watu ambao sijawahi kuwaona, kila mtu na beseni, bei ikapandishwa na vifua vya watu. Nilinunua beseni moja. Mwenzangu akaniuliza kama naumwa.

Nilisubiri giza la mwanzo wa Septemba. Dagaa walikuja wakubwa, wanang'aa kama misumari mipya. Nilinunua beseni nne, nikaanika, nikauza, nikanunua tano. Jumapili tarehe 29 nilihesabu 525,000 mbele ya kikoba, noti kwa noti. Katibu alipoandika nililia kidogo, wakanitania kwamba ni moshi, na hapakuwa na moto wowote.

Oktoba kuna ukurasa mmoja hauna kitu. Ni siku tuliyomzika bibi. Alikuwa mgonjwa kwa muda mfupi tu. Siku chache kabla, nilimpelekea dagaa wa kukaanga, akawachagua kwa vidole kama kawaida yake, akasema kuna mmoja ana mchanga. Hakuwa na mchanga.

Novemba mvua zilirudi na binti yangu akafanya mtihani wa kidato cha nne. Matokeo bado, na tumekubaliana nyumbani hakuna kuuliza. Mimi mwezi huo nilinunua maturubai mawili makubwa, mazito, yale ya kufunikia malori. Ni pesa nyingi kwa kitu ambacho kwa miaka yote nilikuwa nasema nitanunua mwakani. Desemba tulivunja kikoba, nikapata hisa zangu. Sikuzichukua zote, nyingine nimezianzishia mwaka mpya.

Mwaka uliisha katikati ya giza. Tarehe 31 usiku, wakati wenzetu wanapiga masufuria mitaani, ziwani kulikuwa na mstari wa taa kama kuna mji wa pili upande ule. Alfajiri ya tarehe mosi nilikuwa pwani. Watu walikuwa wachache, wengine wamelala na sikukuu, bei ikawa ya kirafiki. Nikachukua beseni sita, pesa yangu taslimu, nikaandika kwenye daftari jipya.

Saa nne na nusu wingu likatokea upande wa Kongo, palepale lilipotokea Machi. Binti yangu alikuwa ameshaliona kabla yangu. Akashika ncha moja ya turubai, mimi nikashika nyingine, tukaanza na chanja ya mbele.