Dola 94 hadi barazani kwa Harding

Dola 94. Naanza na hiyo kwa sababu hadi leo inaniuma. Kutoka Columbus hadi Marion, jimbo la Ohio, ni kama kilomita 80 tu, barabara imenyooka, na basi nililodhani ningelipata sikulipata. Mpwa wangu alinionya: "Mjomba, huku bila gari huendi kokote. Subiri Jumapili nitakupeleka." Mimi nikishaitia safari kichwani silali. Alipoingia shifti yake ya ghalani, nikaita teksi ya kwenye simu.

Nilichokuwa nafuata ni rula. Ujanani nilipanga herufi za madini ya risasi kwa mkono, miaka minne, katika kiwanda kidogo cha uchapaji milimani Lushoto, na vidole vyangu havijasahau. Halafu nikasoma kwamba Warren Harding, rais wa 29 wa Marekani, alijifunza kazi hiyohiyo akiwa kijana, na kwamba kijirula cha mpanga herufi alitembea nacho mfukoni kama hirizi hata baada ya kuingia Ikulu. Marais wengine sina habari nao. Huyu nikamwona wa kwetu.

Dereva akanishusha Mount Vernon Avenue namba 380, nyumba ya Harding ambayo sasa ni makumbusho, akageuza gari, akaenda zake. Nikasogea mlangoni. Kumbe siku hiyo hawafungui. Ratiba ipo wazi, ni mimi sikuiangalia. Ilikuwa Aprili, upepo unapenya koti la kuazima, na mpwa wangu hatoki kazini hadi saa kumi. Nikaketi kwenye ukingo wa barabara, nikaikodolea macho nyumba.

Basi saa nzima nilitazama baraza. Sisi wa Ngamiani, Tanga, tunajua baraza: kibao, kahawa, bao, na habari za mji mzima kabla ya Isha. Ya Harding ni pana, imezunguka mbele ya nyumba, na upande mmoja imejiviringa kama jukwaa la bendi. Mwaka 1920 aligombea urais akiwa hapo hapo. Badala ya kuzunguka nchi nzima, aliacha nchi imfuate, na inakadiriwa watu 600,000 walikuja kumsikiliza. Majani ya uani yalikanyagwa hadi ikabidi wamwage kokoto. Waandishi wa habari walijengewa kijumba nyuma, na bwana mkubwa alikuwa akiwafuata huko kupiga soga. Mpinzani wake, James Cox, naye alikuwa mwenye gazeti, tena wa Ohio hiyohiyo! Harding akamshinda kwa asilimia 60 ya kura.

Ila mimi urais wenyewe haunisisimui. Marafiki aliowapa vyeo walikula, na waziri wake mmoja, Albert Fall, baadaye alifungwa kwa rushwa ya visima vya mafuta. Kinachonivutia ni miaka ya kabla. Mwaka 1884, akiwa na miaka 18, yeye na wenzake wawili walilinunua gazeti la Marion Star kwa dola 300, gazeti lililokuwa taabani katika mji wa watu kama 4,000. Wenzake wakajitoa, yeye akabaki. Mkewe, Florence, alikwenda ofisini kusaidia siku chache mume alipougua, akakaa miaka 14, akiwasimamia watoto wa kuuza magazeti kwa mkono mzito. Mwaka 1899 Harding akachaguliwa kuingia Seneti ya jimbo. Hiyo si udiwani na si ubunge wa taifa. Ni baraza linalotunga sheria za Ohio peke yake, pale Columbus. Alikaa vipindi viwili, na gazeti likabaki lake.

Nikiwa nimejikunyata hivyo, mzee mmoja mwenye mbwa akasimama. Akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia hapana, nimefungiwa. Akacheka, akaketi kando yangu na magoti yake mabovu. Utotoni aliwahi kugawa magazeti kwa baiskeli. Akanionyesha kwa mkono jinsi unavyolikunja na kulirusha lifike mlangoni bila kushuka. Nikamsimulia nilichosoma, kwamba Harding alitaka jina la kila mkazi litoke gazetini walau mara kadhaa kwa mwaka. Akafikiri. "Mama yangu alitoka mara mbili," akasema. "Alipoolewa na alipokufa."

Kisha akaniuliza kama kwetu wanasiasa wana magazeti. Nikacheka mimi. Harding aliwaandikia waandishi wake masharti, na la kwanza ni kwamba kila jambo lina pande mbili, zipate zote. Niliyakariri masharti hayo nikadhani nimeyaelewa. Lakini miaka niliyokuwa mwandishi wa mkoani, nikilipwa kwa habari moja moja na mhariri aliyeko Dar ambaye simu zangu alikuwa hapokei, mheshimiwa mmoja alinipa bahasha ya nauli. Nauli yenyewe ilikuwa ya kwenda mtaa wa pili. Nilikula chipsi kuku, nikaandika upande mmoja, na upande wa pili ulikuwa wanakijiji waliokuwa wakinisubiri chini ya mwembe na karatasi zao za shamba. Hilo sikumwambia mzee wa mbwa. Nilimwambia tu kwamba ndiyo, wanayo.

Akanielekeza kaburini, nusu saa kwa miguu yangu. Duara la nguzo za marumaru nyeupe, katikati wazi juu, mvua inaingia. Harding alifariki Agosti 1923, na mwaka huohuo alikuwa ameliuza gazeti lake kwa dola 550,000. Nilijaribu kupiga hesabu ya kutoka 300, vidole vikagoma kwa baridi.

Mpwa wangu akafika saa kumi na moja na robo, amenuna. "Mjomba, umeona nini sasa?"

"Baraza."

"Baraza zipo Tanga, Mjomba."

Tukasimama kituo cha mafuta kununua bisi, maana Marion inajivunia bisi hadi ina makumbusho yake. Dola sita, pakiti nusu hewa. Nililipa mimi.