Piriton ya kila usiku

Si ajabu ufungue mfuko wa dawa wa mzee hapa Lamu ukute Piriton iliyoanza na mafua ikaishia kuwa ya usingizi, amitriptilini ya miguu inayochoma kwa sababu ya sukari, na Buscopan ya tumbo. Kila moja ina sababu yake. Tatizo ni kwamba zote tatu zinafanya kazi ileile mwilini, na madhara yake yanajumlishana.

Neva huamrisha tezi, utumbo na kibofu kwa kumwaga kemikali iitwayo asetilkolini. Dawa hizi hukalia vipokezi vyake, yaani sehemu za seli zinazoipokea kemikali hiyo, bila kuviamsha, na amri haifiki. Kinywa kinakauka, choo kinafunga, macho hayasomi karibu, moyo unakwenda mbio. Buscopan haiingii ubongoni kwa urahisi. Piriton na amitriptilini huingia. Kwa hiyo bibi akianza kuzungumza na watu wasiokuwepo saa nane za usiku, kabla ya kumwita mtu wa kumsomea, ulizeni amemeza nini.

Linaloleta balaa zaidi ni mkojo. Mwanamume ambaye tezi dume imemvimba, kibofu chake kinasukuma kwa nguvu kupitia njia iliyobanwa. Punguza nguvu hiyo kidogo tu, mkojo unagoma. Utamwona anakwenda msalani kila mara, yanatoka matone, na chini ya kitovu pamejaa na panauma ukipagusa. Msimnyweshe maji ili "ufunguke", mtazidi kumjaza. Anahitaji kuwekewa mpira wa kutoa mkojo hospitalini, na kama yuko Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, boti itafutwe usiku huohuo.

Jasho nalo hutegemea asetilkolini. Joto la kaskazi likipanda na mtu hatoki jasho, ngozi inakuwa nyekundu, kavu, ya moto. Panadol haisaidii hapo, maana si homa ya ugonjwa. Mtoeni juani, mlowesheni maji, mpepeeni, mpelekeni hospitali.

Kidonge cha Piriton ni miligramu 4. Mtu mzima asizidishe 6 kwa saa 24. Mzee asizidishe 3, na kwa maoni yangu asiitumie kabisa kama dawa ya usingizi. Kwa mwasho au chafya, setirizini au loratadini huziba vipokezi vya asetilkolini kidogo sana. Amitriptilini ya maumivu huanzwa kwa miligramu 10 usiku, ila madukani kinachopatikana kwa wepesi ni kidonge cha 25.

Jicho likiwa jekundu, linauma, taa inaonekana na duara za rangi, na mtu anatapika, ni presha ya jicho, ambayo dawa hizi huweza kuiamsha. Hospitali siku hiyohiyo.

Benzeksoli wanayopewa wanaotumia haloperidoli, dawa ya ugonjwa wa akili, ni ya kundi hilihili, lakini msimkatishe ghafla: mwili unaweza kukakamaa. Amitriptilini vilevile hupunguzwa polepole, na daktari akijua.