Moyna na ratiba ya shule: kuwasomea watoto Mahasweta Devi

Mahasweta Devi (1926–2016), mwandishi wa Kibengali kutoka India, anasifiwa kwa riwaya zake za watu wazima, kama vile Aranyer Adhikar, inayohusu vita vya Birsa Munda, kiongozi wa watu wa kabila la Munda, dhidi ya Waingereza. Vitabu vyake vya watoto vinatajwa kwa nadra, kana kwamba vilikuwa kazi ya pembeni. Sivyo hata kidogo, na anayetaka ushahidi aanze na kitabu chake cha picha The Why-Why Girl, kinachomhusu Moyna.

Moyna ni msichana wa miaka kama kumi, wa jamii ya Sabar katika jimbo la Bengal Magharibi, India. Jamii hiyo ilitiwa chini ya sheria za kikoloni, zilizoanza 1871, zilizohesabu makabila mazima kuwa wahalifu wa kuzaliwa. Sheria zilifutwa 1952, jina baya likabaki. Mahasweta aliwapigania Sabar wa wilaya ya Purulia kwa miaka mingi, kwa hiyo anajua anachokiandika.

Hadithi inaanza Moyna akimkimbiza swila ili amle. Ukiwasomea watoto wa Mombasa, hapo watapiga kelele: haramu! Usiwanyamazishe. Waambie kwa Sabar nyoka ni kitoweo na ngozi yake huuzwa, kisha endelea.

Simama tena Moyna anapouliza kwa nini atembee mbali hadi mtoni kuteka maji. Watoto wa Kisauni na Likoni wanalijua jambo hili: mfereji umekauka, mkokoteni umepita, mitungi ya lita 20 inanunuliwa. Uliza: anayelipa ni nani, na anayebeba ni nani? Halafu nyamaza. Hapa ndipo wasomaji wengi huharibu, kwa kurukia "ndiyo maana msome kwa bidii." Mwandishi hakusema hivyo, na mtoto akishasikia nasaha haulizi tena.

Kiini chenyewe ni shule. Masomo ni saa tatu hadi saa tano asubuhi, na saa hizo Moyna anachunga mbuzi wa tajiri. Haombi huruma. Anauliza kwa nini saa zisibadilishwe. Wanaokiita kitabu hiki hadithi ya mtoto mdadisi tu wameupita ukurasa huu mbio, nami naona ndio mzito kuliko zote.

Baada ya kusoma, fanyeni zoezi la ratiba. Andikeni ya Moyna kwanza, kwenye karatasi kubwa ya manila. Ukianza na za watoto wenyewe, watakuandikia wanachodhani unataka kusikia. Ya Moyna ikishakaa ukutani, kila mmoja aandike yake ya jana: kuamka, maji, shule, chuoni (madrasa), kutumwa dukani, kumlea mdogo wake. Waulize ni saa ipi iliyobaki ya kudurusu, na ratiba hiyo ilipangwa na nani. Tenga dakika 40, na watoto wasizidi 15, la sivyo walio nyuma hawataziona picha.

Walio chini ya miaka saba watachoka. Hao wasomee habari za Nyadosh, ng'ombe wa nyumbani kwao Mahasweta, aliyekuwa akila samaki na nyama.